Plasta Juu ya Kioo

Kamera niliachiwa na shemeji, badala ya deni la elfu mbili.
Kifuniko cha betri hakikai, nakizuia kwa raba ya nywele.
Mwezi mzima nikapiga wapigavyo wote:
mlango wa nakshi, mlango wa nakshi, paka, mlango wa nakshi.
Nikamwonyesha Lali Famau, mpiga picha za pasipoti kule Langoni,
akazipitisha kwa kidole gumba
kama ahesabuye noti za mtu mwingine.
"Ziko sawa," akasema.
Nikajua haziko.

Akachana risiti, akaandika nyuma yake:
"Ngazi moja. Picha ishirini. Usihame."

Nikachagua ngazi ya hospitali ya punda, niliko na kazi,
ile ya tatu, yenye ufa.
Picha saba zilikuwa ngazi tu.
Ya nane nimechoka, nikakaa, nikaona
jinsi maji ya kuoshea vidonda yanavyoutafuta ule ufa
kama mgeni anayeujua mlango wa uani.
Ya kumi na mbili: kwato na kivuli cha kwato, havikupatana.
Ya kumi na tisa sikuipiga mimi; punda alinisukuma bega.
Hiyo ndiyo Lali aliyoikodolea macho.

Risiti ya pili: "Ziba kioo cha nyuma. Piga, usijitazame."
Nikabandika plasta, ile tunayofungia miguu.
Wallahi, tabu!
Kila mara kidole kilirudi kuuliza, je, imetoka?
Plasta kimya.
Nikapita vichochoro vya Mkomani kama mtu asalimuye gizani:
natoa salamu, simjui nimpaye, naitikiwa.
Jioni nikabandua. Nusu ya picha ni kidole changu.
Lakini kimoja chekundu, jua limo ndani yake,
na mimi miaka yote sikujua nina taa mkononi.

Ya tatu: "Nyeupe tu."
Nikacheka. Katika mui huu wa chokaa?
Kumbe nyeupe ya ukuta si ya kanzu iliyoanikwa,
kanzu si chumvi, chumvi si jicho la samaki aliyeiva,
na nyeupe ya saa moja asubuhi ina ubuluu kidogo
kama maziwa yaliyotiwa maji na muuzaji mwoga.
Wiki hiyo sikumaliza. Punda wawili waliugua, mmoja akafa.
Nilipiga kwato zake. Zilikuwa kijivu.
Sikumpa Lali.

Kisha ya mwisho, iliyonikalisha kitandani nimeishika:
"Piga picha ya mtu asiyepo."

Mama hapigwi picha. "Sinipije, mwanangu.
Uso wangu nilimpa babako, naye kenda nao."
Kamera ikiingia jikoni yeye hutoka, hivi, kwa ubavu.
Basi nikangoja atoke.
Nikapiga mbuzi ya nazi, kibao kimebonyea upande wa kulia,
maana nyonga ya kushoto humsumbua.
Nikapiga kidaka: miwani, mkono mmoja umefungwa uzi wa kofia.
Kofia yenyewe, vitobo vimefika nusu, sindano imo ndani
kama neno lililokatizwa na hodi.
Mto. Unywele mmoja wa hina.

Lali sikumpelekea kwanza.
Mama akavaa miwani ile ile, akaishika kamera kama yai,
kioo bado kina gundi ya plasta pembeni,
akatazama moja moja, akapita mbuzi, akairudia.
"Huyu ni mimi," akasema.
Halafu, kwa hasira kidogo:
"Na jiko halikufagiwa siku hiyo."

Asubuhi nikakuta jiko limefagiwa,
mbuzi imesogezwa penye mwanga wa dirisha,
naye hayupo.